Chokoleti Iliyoota Mvi

6 Januari

Dada yangu mpenzi, mshonea watu wenye heshima zao,

Salamu nyingi, na ukizimaliza niambie nikuongezee, huku zimejaa tele. Mimi mzima, nina afya ya kusukuma ukuta. Natumaini na wewe mgongo umetulia, cherehani haikung'ati vidole, na wanangu hapo kwako hawajambo: Jaji, binti yangu anayehukumu ugomvi wa mtaa mzima bila kuitwa na mtu, na Kisoda, mfupi kama jina lake ila domo la mtu mzima.

Sasa sikia habari za ndugu yako. Hapa ghalani bila mimi hakuna kinachosogea. Meneja ana vyeti vyake ukutani, kavitia kwenye vioo, lakini lori likiingia kinyumenyume likakwama anamwita nani? Ananiita mimi. Niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nilikaa dirishani, lakini leo naamrisha watu waliosoma mpaka macho yakadai miwani. Ghala letu ni la pipi na chokoleti, maboksi mpaka darini, na baridi yake ni ya mochwari. Chokoleti ni kama bibi harusi, dada, joto likimpata sura inaharibika.

Basi sikukuu zikipita, maduka yanaturudishia zilizobaki. Zimefungwa makaratasi ya sikukuu, nani atazinunua tena? Zinarudi mlima mzima. Meneja akasema tujichukulie. Wenzangu walikuja na mifuko, mimi nikaja na mkokoteni. Maboksi hayo, dereva wetu wa masafa atakushushia mlangoni. Wape wanangu wale mpaka waseme basi. Mtoto wa mkuu wa ghala hapimiwi utamu.

Kuhusu kuja, sikukuu hii imenipita, kazi ilinikaba kooni. Mwambie Kisoda ijayo. Mwambie nimesema mimi.

Ndugu yako,
Mkuu wa Ghala (zamu ya mchana)


30 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nimezipokea, za kuongezewa sihitaji. Sisi wazima. Paa la chumba cha kushonea linavuja palepale, nimehamisha cherehani kwa kuwa paa halihamishiki. Mgongo nao upo, haujanisahau.

Maboksi yamefika. Nilifanya ulivyosema, nikawaachia. Siku moja tu ilitosha. Kisoda alikula mpaka akanyamaza, na ukimwona Kisoda kanyamaza ujue kuna jambo. Akatapikia sare za shule za mteja, nimekwisha kuzipiga pasi, nimezikunja. Jaji, ambaye alikula kidogo kidogo kwa akili, akatoa hukumu palepale: "Shangazi, usimchape. Mwenye kosa ni aliyeleta nyingi."

Nimezifungia. Unalikumbuka sanduku la bati la mama, lile la shuka zake? Liko juu ya kabati, ufunguo ninao shingoni. Chokoleti nimezizungushia vitambaa nikazisukuma chini, pipi za kumung'unya ziko juu. Zilizopondeka nawakorogea kwenye maziwa ya asubuhi. Jioni wakishakula kila mmoja anachagua moja, na kabla sijafunga nasema, "Baba yenu anawasalimu." Kisoda hupanda kigoda, anaingiza kichwa ndani ya sanduku na kujibu, "Na wewe pia, Baba!" Anapiga kelele, eti kwa kuwa uko mbali.

Sasa neno lenyewe. Tangu marehemu wifi yangu atutoke, mtoto huyu amekuona mara moja, tena wa kubebwa. Mwakani anaanza shule. Sikuombi nguo yake wala daftari. Nakuomba uso. Sikukuu ijayo njoo mwenyewe, hata mikono mitupu.

Dada yako


14 Aprili

Dada mwenye ufunguo shingoni,

Usinune. Kuchelewa kwangu kujibu si dharau, ni cheo. Hujambo? Watoto? Paa? Mwambie fundi nikija nikikuta bado linavuja, atalala yeye chini ya tundu.

Habari ya Kisoda na zile sare nimeisimulia ghalani, watu wamekaa chini kwa kicheko. Hiyo ni damu yangu. Sisi hatufanyi jambo dogo.

Sasa nina shida na wewe ndiye mtaalamu. Hapa nilipopanga, mama mwenye nyumba ana watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mama mtu mwema, mpishi wa hospitali, anarudi jioni miguu imevimba. Mimi nawe unajua moyo wangu ni stendi, kila mtu anashukia hapo. Nikawaletea na wao zile za sikukuu. Lo, nilijuta! Nyumba imegeuka bunge. Wanafichana, wanaibiana, makaratasi yamejaa chini ya mito, sisimizi wamepanga foleni kutoka barazani hadi kitandani. Wa kiume hagusi chakula mpaka aahidiwe pipi nyekundu. Ukimpa ya njano anakutemea mkononi. Wa kike jino la nyuma lilioza, nikampeleka mwenyewe kung'oa. Alinishika kidole hiki cha shahada mpaka kikafa ganzi. Mimi niliyekaa na mabaharia na watu wa visu, nikatoka kwa daktari wa meno machozi yananilenga!

Niandikie kwa urefu, dada. Unazigawaje, unazifichaje, unawaambia nini wakilia? Ukininyima elimu hiyo nitajua unaniogopa nisije nikakupita.

Kuhusu kuja, tutaongea.

Ndugu yako,
Mkuu


2 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Neno langu hukulijibu. La kwako nitalijibu, maana watoto ni watoto, hao hawajanikosea kitu.

Ziondoe machoni kwanza. Pipi inayoonekana hailindwi hata na askari. Chokoleti usiifunge kwenye nailoni, inatoa jasho. Ifunge kwenye kitambaa cha pamba, uiweke chini kabisa. Wape wakishashiba, wasukutue, wakalale. Usizifanye mshahara. Ukimlipa mtoto pipi ili afagie, siku pipi zikiisha utabaki na uchafu wako. Mwache achague kwa mkono wake, hata akikawia, maana kuchagua ndiyo nusu ya utamu. Wakigombania moja, mmoja aikate na mwingine awe wa kwanza kuchukua. Hiyo ni sheria ya Jaji, kaniambia niiandike na niseme ni yake. Na zile ngumu, zinazodumu, tenga fungu uzifiche hata wasijue zipo, kwa siku mbaya. Siku mbaya haikosekani. La mwisho: usimwambie mtoto kesho kama hiyo kesho huna mkononi.

Barua yako niliwasomea mezani kama siku zote. Kisoda alicheka sisimizi mpaka akapaliwa. Jaji hakucheka. Aliniuliza, "Shangazi, Baba anajua mimi napenda rangi gani?"

Nikamwambia anajua.

"Ipi?"

Nikamwambia amalize chakula chake.

Kisoda naye ameng'oka jino, la mbele. Limetoka lenyewe, halikuhitaji daktari wala kidole cha kushika. Amelifunga kwenye kitambaa, anakuwekea uje ulione.

Hao watoto wa mwenye nyumba wanakuitaje?

Dada yako


3 Novemba

Dada, mwalimu wa walimu,

Najua, najua. Miezi imepita. Nilikuwa nafundisha vijana wapya wa ghala, hawajui hata kubeba boksi la chokoleti kwa upole, wanalitupa kama saruji. Mgongo hujambo? Kisoda amerefuka au bado anatazama dunia kutoka magotini?

Elimu yako imeshinda! Nilitafuta bati lenye kifuniko, nikatia kufuli, na ufunguo ninao shingoni kama wewe. Siku ya kwanza ya kukata na kuchagua, wa kiume alikata akajipendelea, dada yake akanyakua kubwa, kilio kikasikika mtaa wa pili. Tangu siku hiyo anakatia rula. Sisimizi wamehama kwa hiari yao. Mama yao ananisifu, anasema, "Kumbe mwanamume wewe una malezi!" Nikamwambia kwetu tumezaliwa nayo.

Wananiitaje? Aa, dada, watoto hawana kazi, wanaita lolote linalowajia mdomoni.

Sasa kuna jambo dogo. Mgao wa mwaka huu umepungua, meneja amebana mkono, na kilichopatikana kitaishia hapahapa, maana na hapa sikukuu ipo. Wewe waambie watoto boksi liko njiani. Lori likichelewa si kosa la mtu. Na mimi mwenyewe, tuseme ile inayofuata. Kazi hii ukiigeuzia mgongo inapewa mwingine.

Jaji anapenda rangi gani? Nikumbushe tu, kichwani ninayo.

Ndugu yako


12 Januari

Mdogo wangu,

Mwaka mwingine umeingia, nasi tumo. Kisoda ameanza shule. Kaptula niliishona mwenyewe, pindo nimeliacha refu maana watu wa kwetu huota ghafla. Mwalimu aliwauliza kila mmoja kazi ya baba yake. Kisoda akasimama: "Baba yangu ndiye mkubwa wa chokoleti zote." Darasa zima lilimwonea wivu. Cheo hicho umepewa bure, kivae.

Boksi halikuja, na wewe ulijua halitakuja; barua yako ile sikuwasomea. Siku ya sikukuu walikaa mezani wamevaa, wamepaka mafuta mpaka magotini. Mimi nilikuwa nimetenga fungu la maboksi yako ya mwaka jana, kama nilivyokufundisha wewe. Jana yake usiku nililitoa, nikalifunga upya kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, ya maua na ya kung'aa. Asubuhi nikawaambia boksi limekuja mkiwa mmelala, baba yenu anawasalimu.

Chokoleti ikikaa sana inaota weupe, kama mvi. Kisoda aliigeuza ya kwake, akaitazama huku na huku, akasema, "Shangazi, hii imezeeka ikimsubiri Baba." Halafu akaila.

Nataka ujue nilichokufanyia. Hawakujua kwamba hukuleta. Nimekushonea ubaba kwa viraka, na kwa mbali unaonekana mpya. Lakini akiba si kisima. Sanduku likibaki tupu sitaenda dukani kulijaza, wala sitasema tena neno la kukutetea. Nitawaketisha wote wawili niwaambie ulivyo. Muda ulio nao ni pipi zilizobaki. Njoo kabla hazijaisha.

Jaji anapenda za njano.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya maboksi, nikaikunja, nikaikunjua. Vijana wakaniuliza, mkuu, kuna msiba? Nikawaambia nyamazeni, pakieni.

Kwa hiyo hawakuuliza? Hata kidogo? Mimi siku ile sahani niliirudisha jikoni, dada. Nilijua huko kuna kilio. Nikajisemea acha walie, mtu anayeliliwa bado ni mtu. Kumbe mmekula, mmefurahi, mmelala! Umenitendea wema, sikatai. Ila wema mwingine ni kama kumvalisha maiti viatu vipya. Anapendeza, lakini anakwenda wapi?

Usinifikirie vibaya. Nimetembea miji ambayo hata majina yake siwezi kuyaandika. Nimeona mtu anameza panga, nimeona mbuzi anapanda ngazi. Sijaona mtu anayeweza kukaa mahali pawili kwa wakati mmoja. Ningeijua njia hiyo ningeiuza, na wateja nisingekosa.

Hapa nyumbani kumezaliwa mtoto, wa kiume. Mama mwenye nyumba anaendelea vizuri. Mtoto ana masikio ya marehemu baba yetu, yamesimama kama milango ya kabati. Ungeyaona ungecheka. Basi.

Sikukuu ijayo nakuja. Na safari hii si maneno ya ghalani. Mwambie Kisoda avae anisubiri barazani, jino lake mkononi. Za njano nitaleta boksi zima, njano tupu, bila kuchanganya. Usipoiona sura yangu siku hiyo, niite jina lolote unalolitaka.

Ndugu yako


10 Januari

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mtoto mchanga msalimu, yeye hana kosa, na masikio hayo yatamkaa vizuri akikua. Baba yalimkaa. Paa limezibwa. Nilipanda mwenyewe, Jaji akashika ngazi.

Nilimwambia Kisoda. Ulisema nimwambie, nami mjinga nikamwambia. Alivaa shati nililomshonea, la mikono mirefu, akakaa barazani tangu chai, kitambaa cha jino kwenye kiganja. Chakula alikulia palepale. Jioni mtoto wa jirani akapita na baba yake aliyerudi safari, wameshikana mikono. Akamwuliza, "Na wako mbona haji?"

Kisoda akamjibu, "Wa kwangu haji. Huwa analetwa."

Hakulia. Alimweleza tu mwenzake, kama mtu anayeelekeza duka lilipo.

Nikaingia ndani kutimiza nililokuahidi. Kwa hesabu yangu sanduku lilitakiwa kuwa tupu muda mrefu uliopita. Kila jioni nilikuwa naingiza mkono nikijua leo ndiyo ya mwisho, na mkono unakuta nyingine. Nikadhani ni uzee. Siku hiyo ufunguo niliusahau bafuni, kumbe si mara ya kwanza. Nilimkuta Jaji juu ya kigoda, kifuniko kiko wazi. Nikadhani anaiba.

"Unafanya nini huko juu?"

"Narudisha."

"Unarudisha nini?"

"Zangu. Ukitupa nachagua, natia mfukoni. Ukisahau ufunguo bafuni nazirudisha."

"Tangu lini?"

"Tangu ile sikukuu uliyosema boksi limekuja tumelala. Mimi nilikuwa macho, Shangazi. Na vile vitambaa vilikuwa vya gauni la yule mteja mnene, nilikuona unalikata."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unajitahidi sana."

Mwaka mzima, mdogo wangu, binti yako hakula hata moja. Alikuwa anamlisha mdogo wake baba.

Nikataka kuzungumza mimi, akanizuia kwa mkono. Akamwita Kisoda, akamketisha kitandani na shati lake lile. "Baba ana watoto wengine huko. Anajua meno yao. Haji."

Kisoda akafikiri. "Wanajua kama sisi tupo?"

"Sijui."

"Na wao atawaacha?"

Jaji, anayehukumu mtaa mzima, alimvua shati tu, akalikunja.

Lile jino Kisoda amenipa mimi. Nimelitia kwenye kopo la vifungo, huko halitapotea.

Halafu wakamwaga zilizobaki zote kitandani, wakagawana kwa sheria yao, mmoja akate mwingine achague. Kisoda za kwake alikula na watoto wa jirani, zikaisha siku hiyohiyo, hakuna aliyetapika. Fungu la Jaji ndilo hilo kwenye kifurushi, dereva wenu atakukabidhi. Nyingi zimeota mvi. Za njano amezitoa, kwa kuwa ulituandikia kwamba yule wa kiume huzitema.

Ni za wale watoto watatu. Amesema usiwape sasa. Wawekee. Siku utakapoanza kuwaambia unakuja, wawe na za kuanzia.

Sanduku la mama limerudia kazi yake, nimetia shuka. Namna ya kuzitunza hizo zidumu haikusumbui. Nilikuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa urefu, kama ulivyoniomba.

Dada yako